Mpingo Unaoukataa Mwanga

Kwenye fimbo ya pool iliyotengenezwa kwa mkono, kinachowekwa mwisho ndicho kinachoonekana kwanza. Mnunuzi akiipokea huigeuza taratibu chini ya taa, na kabla hajautazama mti wenyewe macho yake yameshapita juu ya klia, ule utando angavu unaoufunika: je, mwanga unateleza kutoka kwenye kiungo hadi kitakoni bila kukatika, au kuna mahali unajikunja? Fundi anajua atahukumiwa hivyo. Miezi ya kukausha mti, kuukereza kidogo, kuuacha utulie, kisha kuukereza tena, yote inaishia kwenye utando usiofika robo ya milimita. Utando huo ukiingiwa na povu moja au chembe ya vumbi, hakuna atakayeuliza habari za miezi.

Miaka ya karibuni baadhi ya mafundi wa fimbo nchini Marekani wameacha klia ya kupuliza na kuhamia kwenye klia inayogandishwa kwa mionzi ya urujuanimno. Ukiisikia habari hii juu juu unaweza kudhani ni mashine nyingine imekuja kumrahisishia mtu kazi. Kadiri ninavyoitazama naona vingine. Mwanga umempunguzia fundi kungoja, ukamwongezea karibu kila kitu kingine.

Kwanza fimbo yenyewe. Ile ya kawaida ya Marekani ina urefu wa inchi 58, kama sentimita 147, na uzito wa wakia 18 hadi 21, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo. Ni vipande viwili vinavyoungana katikati kwa skrubu. Cha mbele, kinachoteleza juu ya vidole, kwa desturi ni cha mepo mgumu wa Amerika Kaskazini, na huishia kwenye ncha ya ngozi yenye upana wa milimita 13 hivi. Hicho hakipakwi klia nzito; mchezaji anataka vidole vyake viguse mti, au vikaribie kuugusa. Klia ni ya kipande cha nyuma, na huko ndiko fundi anakojimwaga: mepo wenye madoa yanayoitwa macho ya ndege, abunusi, kokobolo ya Meksiko na Amerika ya Kati, mpingo wa kwetu. Ncha ndefu za mti mweusi huchomekwa ndani ya mti mweupe, na pembeni mwa kila ncha hupita vipande vyembamba vya mbao za rangi, kila kimoja kimeshikwa kwa gundi. Mahali pa kushika hufungwa uzi wa kitani cha Ireland. Ncha zote lazima zikomee mstari mmoja. Moja ikizidi wenzake kwa milimita, mwenye jicho ataiona kabla hajaonyeshwa.

Jina kubwa kuliko yote katika kazi hii ni la George Balabushka. Alizaliwa Urusi mwaka 1912, akaingia Marekani mwaka 1924 akiwa mtoto, akakulia kwenye kazi za mbao, na kuanzia mwaka 1959 akatengeneza fimbo huko Brooklyn hadi alipofariki mwaka 1975. Watu ambao hawajawahi kugusa meza ya pool walilisikia jina hilo kwenye filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1986, *The Color of Money*, ambamo mzee wa mchezo anampa kijana Balabushka. Iliyoonekana kwenye filamu haikuwa Balabushka; ilikuwa ya kampuni ya Joss. Sijui watazamaji wangapi wangejali, lakini mafundi hawajaacha kulisimulia.

Kizazi cha Balabushka kiliishi katika ulimwengu wa laka, ile ya nitroselulosi waliyoitumia pia watengeneza magitaa na samani. Laka hukauka kwa thina kuruka hewani. Ina huruma: safu mpya inayeyukiana na ya jana, na kosa hufutika kwa kitambaa chenye thina. Lakini thina haiondoki yote siku moja. Inaendelea kutoka kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyotoka laka inasinyaa na kuzama ndani ya vinyweleo vya mti. Fimbo iliyokabidhiwa ikiwa laini kabisa inaanza, mwezi wa pili au wa tatu, kuonyesha mistari ya gundi kama mishipa ya mkono wa mzee.

Baadaye zikaja klia za magari. Mafundi rangi wa gereji zetu wanazijua vizuri: kopo la klia, kopo la hadina, kipimo cha kuchanganyia, kompresa inaunguruma. Ni ngumu, zinang'aa, na jasho la mkono haziogopi. Tatizo ni hadina. Ina aisosianeti, kemikali inayojulikana kuwapa pumu wapuliza rangi, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Ukishachanganya, saa zimeanza kuhesabika. Mchanganyiko utaganda koponi uwe umemaliza au hujamaliza. Ukishapuliza, unangoja mpaka kesho yake ndipo upige msasa, na kwa anayejali kazi yake ni siku nyingi zaidi kabla ya polishi. Katika kungoja huko ndipo mdudu anapokuja kutua.

Klia ya mwanga haigandi kwa sababu ya kitu kuondoka. Nyingi hazina thina kabisa. Ni majimaji ya molekuli za akrileti yaliyotiwa kianzishi kidogo, na kianzishi hicho kinangoja mwanga wenye urefu wa wimbi unaokifaa, mara nyingi kati ya nanomita 365 na 405. Kikiupata kinavunjika na kutoa radikali huru, vipande visivyotulia mpaka vishike kitu. Kila kimoja kinaikamata akrileti iliyo karibu, hiyo inaikamata ya pili, ya pili inaikamata ya tatu, na ndani ya muda mfupi sana majimaji yamekuwa wavu mmoja. Aliyewahi kupaka jeli ya kucha saluni, akaingiza vidole kwenye kile kisanduku chenye taa za zambarau na kuvitoa na kucha ngumu, ameibeba kemia hii hii mkononi. Daktari wa meno anayemulika jino kwa kijitaa cha bluu anafanya kazi inayofanana, ila kwa mwanga unaoonekana. Viwanda vya samani vya Ulaya viliianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya magitaa ya Taylor ya California iliichukua katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mafundi wa fimbo hawakuvumbua kitu. Walifika wamechelewa, na nadhani walikuwa na sababu: kiwanda kinapaka ubao bapa unaopita kwenye mkanda, wao wanapaka kitu cha mviringo, chenye miti mitano na gundi za aina mbili, na wanataka kiwe vile vile baada ya miaka thelathini.

Mtazame sasa akifanya. Kipande cha nyuma kimelazwa kwenye mashine ya kukereza na kinazunguka polepole. Mti umepigwa msasa namba 400, pengine 600, na vumbi limefukuzwa kwa hewa kisha kwa kitambaa. Dirisha limezibwa au limebandikwa karatasi ya kuchuja, kwa maana jua lina mionzi ile ile. Chupa ikisahauliwa wazi karibu na mlango, fundi atarudi kukuta jiwe. (Katika pwani yetu, ambako mionzi ya adhuhuri ni mikali mno, nadhani mtu angeweza kufanya kazi hii bila taa yoyote, akitoka na kuingia kivulini.) Anakunja kitambaa kisichoacha nyuzi, anakichovya, anakipitisha mwanzo hadi mwisho kwa mwendo mmoja bila kurudia.

Halafu hafanyi lolote, na hapo ndipo ninapoipendea kazi hii. Klia inabaki majimaji kwa muda wowote anaoutaka. Inajisambaza yenyewe, inajilaza, mapovu yanapanda na kupasuka, na kwa kuwa fimbo inazunguka, haikusanyiki upande mmoja. Akiona unywele anautoa kwa kibano. Akiona mahali pamekosa klia anaongeza. Kwa laka na kwa klia ya magari saa ilikuwa ya kopo, na fundi alikimbizana nayo. Hapa saa ni yake. Anapanda juu, anashuka, anainamisha kichwa kuangalia mwanga wa kawaida unavyolala juu ya majimaji, mpaka aridhike. Ndipo anavaa miwani ya kinga, anawasha taa, na kuipitisha polepole kutoka kiungoni hadi kitakoni. Kilichokuwa kinatembea kimesimama.

Na kwa kuwa saa ni yake, kosa nalo ni lake. Klia hii ikishaganda haiyeyuki kwa thina. Safu inayofuata haitayeyukiana na iliyotangulia. Inaishikilia kwa mikwaruzo tu, kwa hiyo kila safu iliyoganda kabisa lazima ipigwe msasa kabla ya nyingine, kwa usawa, bila kutoboa mpaka kwenye mti. Nimewaona vijana wa karakana za samani wakiruka hatua hii kwa sababu macho hayaoni tofauti. Kwenye fimbo tofauti huonekana baadaye, pembeni mwa ule uzi wa kitani, mahali gamba la klia linapokomea. Fundi mzuri hukata kona hiyo kwa ncha ya chuma kikali huku fimbo ikizunguka, na kama safu hazikushikana, hapo ndipo zinapoanza kumenyuka.

Adui mwingine ni hewa. Oksijeni inazidaka radikali huru kabla akrileti haijazipata, kwa hiyo juu kabisa, klia inapogusana na hewa, mnyororo unakatika. Chini pamekuwa pagumu, juu panabaki pananata. Viwanda vikubwa huifukuza hewa kwa naitrojeni. Karakana ya mtu mmoja haina anasa hiyo. Zipo klia zilizotiwa nta, ambayo hupanda juu na kuufunika uso, lakini inataka dakika zake za kupanda kabla taa haijawashwa, na ikishafanya kazi lazima isuguliwe itoke, la sivyo hakuna kitakachoshika juu yake. Wengine huuacha uso unate makusudi na kupaka safu nyingine hapo hapo, kwa kuwa unato wenyewe unashikana, kisha hufuta unato wa safu ya mwisho kwa spiriti. Hakuna njia niliyoiona ikiwaridhisha wote.

Taa nazo zina tabia zake. Ile ya kizamani ya zebaki hutoa mawimbi mengi kwa mpigo: mafupi hugandisha uso, marefu hupenya chini. Lakini inakuja na joto, na joto kali upande mmoja wa mti uliotunzwa kwa uangalifu ili usipinde ni jambo la kuogopa. Taa za LED hazichomi hivyo na huwaka papo hapo, ila karibu mwanga wake wote ni wa wimbi moja, refu, na tatizo la uso kunata linakuwa kubwa zaidi. Fundi anayenunua taa bila kuuliza ni ya nanomita ngapi na kianzishi cha klia yake kinataka ngapi, amejinunulia pambo la ukutani.

Mpaka hapa nilikuwa nazungumzia mepo, mti mpole. Mpingo ni habari nyingine.

Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, hukua polepole katika misitu ya miombo ya Kilwa, Lindi na kaskazini mwa Msumbiji. Moyo wake ni mzito kiasi cha kuzama majini. Dunia inaujua zaidi kwa klarineti na oboe, na sisi kwa vinyago vya Wamakonde. Wachonga fimbo wanautaka kwa weusi wake, kwa uzito unaoweza kuhamishia mizani ya fimbo nyuma bila kuongeza chuma, na kwa jinsi unavyokerezwa: kisu kikiwa kikali hutoka ukiwa laini kabla ya msasa. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo gogo linalovuka mpaka linavuka na karatasi zake.

Jamii hiyo, pamoja na ile kokobolo ya Meksiko ambayo ni ndugu yake, imejaa mafuta na kemikali asilia, zikiwamo kwinoni. Wachongaji wanazijua kwa ngozi kuwasha na kifua kubana pale vumbi linapozidi. Kemikali za namna hiyo ni miongoni mwa vinavyoufanya moyo wa mti usiliwe ovyo na mchwa wala kuoza. Na kazi mojawapo zinayoifanya vizuri ni kuzima radikali huru. Fundi anapaka klia juu ya mpingo, anamulika, uso unaganda, anaugonga kwa kucha na kusikia sauti sahihi. Lakini chini kabisa, klia inapokutana na mti, mnyororo ulizimwa kabla haujaanza. Pamebaki ulaini usioonekana. Fimbo inaweza kukaa wiki nzima ikiwa nzuri kabisa, na siku moja gamba linaachia likiwa zima.

Silaumu mti. Kilichoutunza msituni ndicho kinachoukataa mwanga karakanani, na haukuombwa ushauri. Dawa waliyoipata mafundi naipenda kwa sababu haikutafuta klia kali zaidi. Wanaufuta mpingo kwa asetoni ili kuondoa mafuta ya juu, na mara hiyo hiyo, kabla mengine hayajapanda, wanaweka kizuizi kinachoganda kwa kemia tofauti kabisa: epoksi nyembamba, au supa gluu ile ile ya kibanda cha vifaa, ambayo huganda kwa unyevunyevu na haina habari na radikali huru. Kwinoni hazina cha kuzima. Kizuizi kikishakuwa kigumu kinapigwa msasa mpaka kiwe sawa na mti, halafu ndipo klia ya mwanga inakuja juu yake, ikidhani imewekwa kwenye ubao wa kawaida. Pagumu zaidi ni pale ncha ya mpingo inapokaa ndani ya mepo: mafuta ya mti mweusi yakisombwa na kitambaa chenye asetoni huenda yakapaka doa kwenye mti mweupe, na doa hilo halitoki. Kitambaa kinapita kufuata mstari wa ncha, kuelekea upande mmoja, na kinatupwa.

Utauliza kwa nini mpingo ufunikwe kabisa. Nami nauliza. Klarineti haipakwi klia. Inatiwa mafuta kidogo na mti unajing'arisha wenyewe. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, humalizia kwa msasa na nta. Fimbo ya mpingo mtupu ningeiacha hivyo bila kusita. Ila mepo aliye jirani yake hawezi kuachwa, atakunywa jasho na vumbi la chaki mpaka awe na rangi ya chai, na huwezi kupaka nusu ya fimbo. Waingereza wana jibu jingine kwa snuka: fimbo za mti wa ashi, zinazopakwa mafuta ya kitani na kusuguliwa, bila gamba lolote. Ni nzuri sana mkononi. Lakini kwa kawaida Mwingereza hachomeki vipande vya lulu na mbao za rangi nne kwenye kila ncha kama Mmarekani anavyopenda.

Wapo wanaosema klia hii ina sura ya plastiki. Mara nyingine ni kweli, ikirundikwa. Akrileti nazo husinyaa zinapoganda, mara moja na hapo hapo, na safu nene inajivuta yenyewe mpaka ipasuke au iachie. Wanaojua wanapaka nyembamba, wanasugua nyingi, na wanachobakiza baada ya msasa wa namba 2000 na polishi ni kidogo sana. Kinachobaki hakisinyai tena kwa miezi kama laka, kwa hiyo mistari ya gundi haijitokezi haraka. Mti wenyewe utaendelea kuvimba na kunywea na majira; hilo hakuna taa inayolizuia. Mapafu ya fundi yamepona aisosianeti, jambo ambalo kwangu pekee lilitosha kuhama. Ngozi yake, hapana. Akrileti mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usioondoka, na wasichana wa saluni wanaopaka jeli bila glavu wako kwenye hatari ile ile.

Linalonisumbua zaidi ni ukarabati. Mafundi wengi husaini fimbo zao kwa wino juu ya mti, kisha klia inapita juu. Fimbo ya laka ikichakaa, mkarabati anaweza kuilainisha kwa thina, kuipunguza, na kuikwepa saini kwa urefu wa unywele. Klia ya mwanga hailainiki. Inaondolewa kwa msasa au kwa kisu cha mashine, kutoka juu kwenda chini, na chini ndiko wino uliko. Pale penye mpingo, chini ndiko pia kile kizuizi cha epoksi kiliko, na akikitoboa bila kujua, klia yake mpya itakuja kumenyuka kama ile ya kwanza ambayo haikuwekewa kizuizi. Kwa hiyo ningependa kila fundi aandike kwenye kikaratasi amepaka nini, safu ngapi, na juu ya kizuizi gani. Chini ya kile kipande cha mpira kilicho kitakoni kuna tundu la skrubu ya uzito. Kikaratasi kilichokunjwa kinaenea humo bila kubadili mizani.